Mnyama wa Kombe la Ubatizo na Ndugu Zake



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, walibatizwa watoto sita hapa parokiani. Kazi yangu, kama mjuavyo, ni kuyaandika majina yao katika daftari kubwa, kisha kuvikausha vyombo na kuvirudisha kabatini. Nilikuwa nalifuta kombe la kubatizia, lile ganda jeupe lililofunguka kama upepeo, ambalo Padre hulitumia kuchotea maji, ndipo akanijia binti mmoja wa darasa la tano, dada ya mmoja wa wale watoto.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwalimu, Mama amesema hilo ni ganda la mnyama wa baharini. Kichwa chake kilikaa upande gani?"

Nikamwambia, "Mnyama huyu hakuwa na kichwa."

Binti akacheka, akidhani namfanyia mzaha. Lakini mama yake, aliyekuwa nyuma yake na kitoto mgongoni, hakucheka. Akasema, "Mwalimu, likizo ya Juni twakwenda pwani kwa bibi yake. Huko watoto huokota makombe wakati wa maji kupwa, na kuyala. Ukimfundisha, mfundishe sawasawa."

Neno lile la kula lilinigutusha, kwa sababu nitakayoieleza hapo mbele. Basi nikaahidi kuliandika jambo hili katika ukurasa wetu, lipate kuwafaa na wengine wenye safari kama hiyo.

WATU WA NYUMBA MOJA

Kwanza tujue ukoo. Konokono wa shambani, kombe, chaza, ngisi na pweza, wote ni watu wa nyumba moja. Wataalamu huwaita moluska, maana yake wanyama wenye mwili laini. Hawana mfupa hata mmoja. Aina zao zinazojulikana ni zaidi ya 70,000.

Basi, mtu akikuambia kwamba pweza ni samaki, mwambie hapana. Samaki ana uti wa mgongo, pweza hana. Pweza ni ndugu wa konokono, ingawa mwenyewe hafanani naye. (Na wale wanaoniuliza habari za Ijumaa ya Kwaresima wasiwe na hofu: sheria ya kujinyima nyama haiwahusu wanyama wa namna hii wa majini.)

Watawezaje kuwa ndugu, na mmoja ana ganda na mwingine uchi, mmoja ana kichwa na mwingine hana? Tazameni vitu vitatu. Kwanza ni joho, yaani ngozi laini iliyoufunika mwili kama joho lifunikavyo mabega. Joho ndilo linalojenga ganda, kwa kutoa chokaa kidogo kidogo. Pili ni mguu, msuli mmoja wenye nguvu. Tatu ni matumbo na viungo vingine vya ndani, vilivyokusanywa mahali pamoja chini ya joho. Ukoo wote umejengwa kwa vitu hivi. Ila kila jamaa imevitumia kwa namna yake, kama mafundi watatu waliopewa mbao za namna moja, huyu akafanya mlango, huyu bomba, na huyu mashua.

Leo tutazame jamaa tatu tu. Konokono tuwaache kwa siku nyingine.

JAMAA YA KWANZA: WENYE MILANGO MIWILI

Hawa ndio makombe, chaza na kome. Mwaka 1758 mtaalamu wa Uswidi, Carl Linnaeus, aliwaita bivalvia, maana yake wenye milango miwili. Mnyama mmoja ana maganda mawili, la kuume na la kushoto, yaliyofungwa kwa bawaba. Kombe letu la ubatizo ni mlango mmoja tu. Wa pili ulipotea zamani.

Sasa sikilizeni jinsi mlango huu unavyofanya kazi, maana maarifa haya yatawafaa jikoni. Penye bawaba pana ukano unaovuta kama mpira. Ukano huu daima wataka kuufungua mlango. Ndani kuna misuli, miwili kwa wengi wao na mmoja kwa wengine, ambayo huvuta na kuufunga. Kwa hiyo kombe aliye hai huufunga mlango kwa nguvu zake mwenyewe. Akifa, misuli hulegea, na ukano hufungua. Kombe mbichi aliyeachama, ukamgonga kwa kidole naye asijifunge, ni maiti. Mtupeni. Msimtie sufuriani pamoja na wenzake.

Kichwa hana. Ule ulimi wenye meno kama tupa, ambao ndugu zake wanao, yeye hana pia. Atakula nini basi? Hula kwa kuchuja. Matamvua yake, yaani viungo vyake vya kuvutia pumzi majini, ni mapana kama mapazia, yenye vinyweleo vidogo visivyohesabika. Vinyweleo hivyo huchezacheza bila kupumzika, na kuvuta maji yaingie upande mmoja na kutoka upande mwingine. Chembe zilizomo majini hunaswa kama unga katika chekeche, zikapelekwa kinywani. Hufanya hivyo saa baada ya saa, na maji mengi sana hupita ndani yake.

Mguu wake umekuwa jembe. Kombe wa mchangani huuchomeka chini, akauvimbisha mwisho, kisha akajivuta. Wengine, kama kome, hutoa nyuzi ngumu na kujifunga mwambani. Chaza hujigandisha jiweni kwa ganda lenyewe, naye hahami tena. Lakini mnyama wa kombe letu la upepeo ndiye wa ajabu. Yeye huogelea! Huyapigisha maganda yake, akarukaruka majini kama mtu apigaye makofi. Tena, ingawa hana kichwa, ana macho. Yamepangwa ukingoni mwa joho kama shanga, na huweza kufika hata 200. Binti yangu wa darasa la tano alipolisikia hilo, alinitazama kama mtu aliyedanganywa mara mbili.

Kombe hilo la upepeo ndilo pia alama ya mahujaji waendao kaburi la Mtakatifu Yakobo huko Santiago de Compostela, nchini Hispania. Na katika kanisa la Saint-Sulpice mjini Paris, maji ya baraka yamewekwa katika maganda mawili makubwa ya kombe la bahari za mashariki. Wanyama wa aina ile huweza kupita kilo 200. Pwani yetu wapo ndugu zao wadogo, wakaao kati ya matumbawe.

Msidhani kwamba jamaa hii ni ya baharini tu. Aina zake zinazojulikana ni zaidi ya 8,000, na baadhi yao wako katika mito yetu, na katika Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika. Basi wasomaji wa kando ya maziwa nao wasiligeuze gazeti, maana habari ya mlango na ya chekeche yawahusu pia.

JAMAA YA PILI: PEMBE NDOGO ZA BAHARI

Hawa ni wachache, na wengi wetu hatujawaona. Ganda lao ni mrija uliopindika kidogo, mfano wa pembe ya ndovu iliyofanywa kwa ajili ya mwanasesere. Kubwa zao hufika urefu wa kidole kirefu au zaidi kidogo. Ndogo zao ni kama punje. Mrija huo uko wazi ncha zote mbili. Ukiokota ganda la namna hiyo ufukweni, lichungulie. Utaona mwanga upande wa pili.

Mtaalamu wa Ujerumani, Heinrich Georg Bronn, aliipa jamaa hii jina la skafopoda mwaka 1862. Kabla yake wengine waliwahesabu pamoja na minyoo wakaao katika vijumba, kwa sababu waliona mrija tu. Walipochunguza vya ndani, wakakuta joho, mguu, na ule ulimi wenye meno. Wakatambua kwamba ni watu wa nyumba ile ile.

Maisha yao ni ya kichwa chini. Mguu wao huchimba mchanga, mnyama akajizika, ikabaki ncha nyembamba tu juu. Kwa ncha hiyo maji huingia na kutoka. Matamvua hawana, basi huvuta pumzi kwa joho lenyewe. Macho hawana. Kule chini gizani, karibu na kinywa, hutoa nyuzi nyembamba sana zenye ncha za kunata, wakapapasa kati ya chembe za mchanga kama kipofu atafutaye sarafu iliyoanguka, na kuokota viumbe vidogo mno.

Nasema sarafu, nami nina sababu. Kama hapa kwetu na Uganda kauri zilivyokuwa fedha zamani, ndivyo wenyeji wa pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini walivyozitunga pembe hizi katika nyuzi, wakazitumia kwa biashara na mapambo. Mnyama asiye na macho, aliyezikwa mchangani, nyumba yake ikawa mali ya watu!

JAMAA YA TATU: WENYE MIGUU KICHWANI

Sasa tumefika kwa pweza, ngisi na dome. Jina lao ni sefalopoda, yaani vichwa-miguu, na jina hilo lasema kweli. Ule mguu ambao kombe aliufanya jembe, kwao umegawanyika ukawa mikono inayokizunguka kinywa, na sehemu nyingine ikawa bomba la kurushia maji. Pweza ana mikono minane. Ngisi na dome wana minane, na miwili mingine mirefu ya kukamatia. Aina zote za jamaa hii ni kama 800, na wote ni wa maji ya chumvi.

Ganda limekwenda wapi? Dome analo ndani ya mwili. Ni lile bamba jeupe, jepesi, linaloelea na kutupwa ufukweni, ambalo wafugaji huwapa ndege wadonoe chokaa. Lina vyumba vidogo vingi vyenye hewa, navyo humsaidia mnyama asizame. Ngisi amebakiwa na kijiti chembamba kinachong'aa kama kioo, ambacho mama huking'oa kabla ya kupika. Pweza hana kitu. Ndiyo maana huweza kupenya katika ufa mwembamba. Kizuizi chake ni mdomo tu, ulio mgumu na uliopindika kama wa kasuku.

Mioyo yake ni mitatu: miwili husukuma damu kwenye matamvua, na mmoja huisambaza mwilini. Damu yake ni ya buluu, kwa sababu ina shaba mahali ambapo yetu ina chuma. Ubongo wake umelizunguka koo, kwa hiyo chakula hupita katikati ya ubongo, naye hana budi kukikatakata vipande vidogo kwanza. Mishipa yake ya fahamu ina chembe kama milioni 500, na nyingi zaidi ziko mikononi kuliko kichwani. Mkono wake waweza kupapasa na kukamata kama wenye akili yake wenyewe.

Akitishwa hutoa wino. Wino wa dome ulitumika zamani huko Ulaya kuandikia. Mimi mtu wa madaftari namheshimu kwa hilo.

SABABU YA KUGUTUKA KWANGU

Sasa nilipe deni nililoliacha nyuma.

Nilipokuwa chuo cha ualimu, tulipelekwa mafunzo ya kufundisha katika shule moja ya pwani. Tulikuwa vijana watatu wa bara. Jumamosi moja, baada ya mvua kubwa, tulishuka kwenye kijito kilichopita nyuma ya nyumba za mji, tukaokota makombe tele. Tuliyachemsha kidogo tu, mpaka yakafunguka, tukala. Kwa siku chache tulijiona watu wa pwani kamili.

Kisha homa ikatushika. Mimi niliugua juma moja. Mwenzangu mmoja alilazwa hospitali siku 19, na kuna usiku ambao muuguzi aliniambia nimwite mtu wa kumwombea. Alipona, namshukuru Mungu, lakini hata leo hawezi kutazama kombe. Daktari alituuliza swali moja: "Maji ya kijito kile yanatoka wapi?" Yalitoka vyooni.

Mtu asiseme tulirogwa, wala asiseme makombe ni chakula kibaya. Kosa lilikuwa letu, maana hatukujua mwili wa mnyama tuliyemla. Kombe ni chekeche. Maji yakiwa safi, hukusanya chakula safi. Maji yakiwa na uchafu wa watu, hukusanya vijidudu vya homa ya matumbo na kipindupindu, akavihifadhi ndani yake, naye mwenyewe haugui. Haba na haba hujaza kibaba. Na kule kufunguka kwa ganda motoni ni misuli kulegea tu. Si alama kwamba vijidudu vimekufa.

Basi, akina mama, yashikeni haya manne. Msiokote karibu na vyoo, mifereji ya mji, wala midomo ya vijito baada ya mvua. Msipike aliyeachama asiyejifunga. Chemsheni sana, na maganda yakisha kufunguka, acheni yaendelee kuchemka dakika kadhaa. Na la nne: wenyeji au mabwana samaki wakisema bahari imechafuka kwa rangi, wakakataza makombe, watiini. Kuna vimelea vidogo vya bahari ambavyo nyakati nyingine huzidi mno, na sumu ya baadhi yao haiondoki kwa moto wowote wa jikoni.

NA PWEZA JE?

Kwa pweza hatari hugeuka: yeye ndiye wa kutuogopa sisi. Pweza wa miamba yetu huishi yapata mwaka mmoja au zaidi kidogo. Jike hutaga mara moja tu katika maisha yake. Huyatundika mayai yake pangoni, maelfu kwa maelfu, akakaa mlangoni kuyalinda na kuyapulizia maji safi yapate hewa. Muda huo wote, karibu mwezi mzima, hali kitu. Mayai yakianguliwa, mama hufa.

Basi mwenye kumchokoa jike pangoni siku zile amechukua chakula cha jioni moja, na kizazi kizima kimepotea. Na mwenye kumchukua pweza mdogo amejipunja mwenyewe, kwa kuwa pweza hukua haraka sana. Akiachwa miezi miwili au mitatu, uzito wake huongezeka mara nyingi.

Wapo waliolielewa jambo hili. Mwaka 2004 wavuvi wa kijiji cha Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, walikubaliana kuufunga mwamba mmoja kwa miezi kadhaa. Walipoufungua walipata pweza wakubwa na wengi kuliko ilivyokuwa desturi. Vijiji vingi vya huko viliwafuata, na kwetu Tanzania watu wa baadhi ya vijiji vya Pemba, Mafia na Songo Songo wamefanya vivyo hivyo. Haikuwa rahisi, kwa maana mama mwenye watoto wenye njaa leo haoni raha kuambiwa angoje. Wengine huvunja agano usiku. Lakini penye watu waliongoja pamoja, wameona faida pamoja. Mvumilivu hula mbivu.

Jumatano yule binti alikuja tena ofisini na mama yake, kuchukua cheti cha ubatizo cha mdogo wake. Nikamjaribu kidogo.

"Haya, mwanangu. Bibi amekuletea kombe mbichi aliyeachama. Umemgonga, hajifungi. Utafanya nini?"

"Nitamtupa. Mwenye kuufunga mlango amekufa."

"Na ukimwona pweza pangoni, haondoki, na nyuma yake pametundikwa kitu kama vishada vya punje nyeupe?"

Akafikiri kidogo. "Nitamwacha. Lakini Bibi akisema nimtoe?"

Hapo mama yake akajibu kabla yangu: "Bibi nitazungumza naye mimi."

Nawaombea safari njema, wao na wote watakaoshuka pwani likizo hii. Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.

Ni mimi,
Karani wenu wa Parokia